Sahani ya Tatu

Siku ya kumi na tisa tangu Tumpe atengwe, Jumatatu saa nne asubuhi, ubao unaosema wa kituo cha karantini ulitangaza kwa ile sauti yake ya mashine, isiyo na pua, kwamba sahani ya pili ya mtoto huyo haikuota kitu. Watu waliokaa kwenye benchi wakampigia mama yake makofi. Atuganile akainama, akajifunika uso kwa kanga, nao wakadhani analia kwa furaha.

Kulia alikuwa analia kweli. Ila ndani ya furaha ile kulikuwa na kokoto, kama ile ya kwenye wali, na aliyeing'ata alikuwa yeye peke yake.

Sheria ilitaka sahani tatu. Kila baada ya siku kadhaa nesi aliyejifunika gubigubi alimpitisha Tumpe kijiti cha pamba kooni, na ule ute ukapelekwa maabara kupakwa kwenye sahani ndogo yenye uji ulioganda, uji wa mwani uliochanganywa na damu ya kondoo. Sahani ikalala siku mbili. Ikiota vidoa, mtoto anabaki nyuma ya kioo. Isipoota mara tatu mfululizo, kioo kinafunguliwa na mtoto anakwenda kwao. Mbili zilikuwa zimepita. Imebaki moja.

Na Tumpe hakuwa anaumwa, hilo ndilo lililomtafuna mama yake. Mtoto wa miaka saba anaruka, anaimba, anagombana na nesi kuhusu uji, lakini kooni amebeba bakteria wa kabali. Ugonjwa huo ulipewa jina hilo kwa sababu humkaba mtu kwa ndani mpaka pumzi inabaki uzi. Wapo wanaoubeba bila kuumwa, wakawagawia wenzao kwa kucheka tu na kukohoa. Siku walipopima darasa zima akaonekana Tumpe, na gari la kituo likamchukua palepale shuleni. Mama yake alipofika alikuta daftari juu ya dawati na penseli imeanguka chini.

Nyumbani hakuifua ile sare nyingine ya Tumpe. Ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango, na kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko aliikamata kola, akaiweka puani. Siku za mwanzo ilinuka jasho la mtoto na mafuta ya nazi. Siku ya kumi na tisa ilinuka moshi wa jikoni tu, lakini alikuwa bado anainusa.

Pembeni yake kwenye benchi alikaa Baba Gwakisa, dereva wa lori la majani mabichi ya chai, mtu mwenye mwili na maneno. Mwanawe Gwakisa alikuwa darasa moja na Tumpe. Siku ya kupimwa hakuwepo, alikuwa kwa bibi yake huko Masoko. Ugonjwa ukamkuta wiki mbili baadaye, na huyu kweli ulimkaba. Alikuwa na siku ya nne kwenye chumba cha ndani.

"Mama Tumpe," alisema Baba Gwakisa makofi yalipokwisha, "wewe ukiondoka hapa benchi litakosa mtu wa kulilowesha. Itabidi tutangaze kazi."

Watu wakacheka. Atuganile naye akacheka, huku vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la kanga.

*

Zamani dawa za kuua bakteria ziliuzwa kila duka, mtu akinunua mbili kwa ajili ya mafua na tatu kwa ajili ya kichwa. Zikachoka. Bakteria walizizoea kama mbwa anavyomzoea mgeni anayekuja kila siku. Basi serikali ikazifungia, ikawa kidonge hakitoki mpaka maabara imtaje mdudu kwa jina lake na kuonyesha kwamba kidonge hicho kinamuua.

Lakini akina mama wa milima ile walikuwa na desturi yao. Dozi iliyobaki haikurudishwa. Ilishonewa ndani ya pindo la kitenge, na binti akiolewa mama mkwe humkabidhi kitenge hicho, wakakiita akiba ya uzazi. Kilikatazwa, na kila nyumba ilikuwa nacho. Cha Atuganile kilikuwa na vidonge kumi vya rangi mbili.

Kituo hakikuwapikia watoto. Kila mzazi alileta chakula cha kwao, akakiweka kwenye kijisanduku cha ukutani, mwanga wa buluu ukawaka kuua vijidudu vyote vya juu, ndipo nesi wa upande wa pili akakipokea. Ule mwanga haukuuliza kilichomo ndani ya ndizi.

Siku ya kumi na mbili, baada ya kuambiwa kwa mara ya tatu kwamba sahani imeota tena, Atuganile alirudi nyumbani akafumua pindo. Alikifungua kidonge kimoja, akaugawa unga wake nusu, akauchanganya kwenye ndizi za kupondwa, akatia asali kuficha uchungu. Nusu asubuhi, nusu jioni. Aligawa hivyo ili vidonge vidumu, kama unavyogawa sukari mwezi ukiwa mrefu. Na hapa ndipo wengi tunapopotea, kuidhania dawa ni chakula, kwamba kidogo si haba.

Siku ya kumi na tano sahani haikuota. Siku ya kumi na tisa haikuota. Akajiambia dawa imemponya mwanawe, na kwamba wale wenye makoti meupe wangemweka bure mpaka azeeke.

*

Mchana wa Jumatatu ileile Dada Sekela alimwita maabara. Alikuwa mtaalamu mwembamba, msema taratibu, ambaye tangu siku ya kwanza alimwita Atuganile mama, ingawa kwa umri walilingana. Hakumpongeza. Alimwekea kiti mbele ya hadubini, akamwambia achungulie.

Atuganile aliona vijiti vya rangi ya zambarau, vimelala ovyo kama njiti za kiberiti zilizomwagika. Sekela akamwambia hao ndio bakteria wa kabali, wametiwa rangi ili waonekane, na wametoka kooni kwa Tumpe siku mbili zilizopita. Kisha akamwonyesha sahani: nyekundu, laini, tupu, kama sakafu iliyopigwa deki. Na mashine ya majina, ile inayosoma chembe za mdudu kwa saa moja tu, ilikuwa imeandika kwamba wapo.

Atuganile aliuliza kipi ni cha kuaminiwa, maana huku wapo na huku hawapo.

"Mashine inaona viatu mlangoni," alisema Sekela. "Ukifika kwenye msiba ukakuta viatu mlangoni, huwezi kujua mwenye navyo ni mzima au ndiye mnayekwenda kumzika. Hata hadubini ni hivyo. Sahani ndiyo inayomjua aliye hai, kwa sababu aliye hai huzaa."

Akaendelea kueleza, bila haraka. Bakteria wa Tumpe ama wamekufa, na iwe heri, ama kuna kitu kimewazimisha wakalala. Angependa kujua ni lipi, na si kwa ajili ya Tumpe peke yake. Gwakisa alifika koo limeziba. Walimmiminia dawa kali ya mwisho waliyokuwa nayo ili njia ya pumzi isifunge, na dawa hiyo imewazimisha bakteria wake lakini haijawaua; siku dawa ikiisha nguvu, watamkaba tena. Kilichobaki ni walaji.

Walaji ni viumbe wadogo kuliko hata bakteria, na kila mmoja ana bakteria wake anayemla, hamli mwingine. Kwenye majokofu ya Sekela walikuwa aina mia nne, kila aina na kichupa chake. Kumpata anayefaa si kazi kubwa: unawapaka bakteria hai kwenye sahani, unadondosha matone ya walaji, unasubiri. Penye tone la mlaji wa kweli patabaki tundu tupu, wadudu wameliwa. Lakini lazima bakteria wawe hai. Wa Gwakisa hawaoti. Wa Tumpe ni walewale, wametoka darasa moja. Na zile sahani zake za mwanzo, zilizoota vizuri, zilichomwa siku zilezile zilizosomwa, maana sheria haikuruhusu kabali hai ikae kabatini bila sababu, na Gwakisa alikuwa hajaja.

"Mama, kuna kitu chochote anachokula zaidi ya ndizi?"

Atuganile akasema hakuna.

"Hata mitishamba? Hata kidonge kimoja? Sina haja ya kumshtaki mtu."

Akasema hakuna. Sekela alimtazama kidogo, akaandika.

Atuganile hakuwa na haja ya kuelezwa kilichokuwa nyuma ya swali lile. Tangazo lilikuwa limebandikwa ukutani, na alikuwa amelisoma mara nyingi akisubiri: mtoto ambaye bakteria wake wameonja dawa isiyotimia huhesabiwa kuwa amebeba wadudu waliosoma, na hupelekwa kituo cha juu, kwenye baridi ya Kitulo, siku tisini. Huko hakuna benchi la wazazi.

*

Jumatano walimchukua Tumpe ute wa tatu. Baada ya hapo alikuja kwenye kioo, akakaa juu ya kijibegi chake ambacho alikuwa amekwisha kukifunga. Sauti ilipita kwenye tundu dogo lenye chujio, ikafika nyembamba, kama mtoto anaongea kutoka nyumba ya tatu.

Nesi alikuwa amemsuka. Mistari ilikwenda upogo, mmoja umeanzia sikioni ukaishia hewani, na Atuganile aliitazama mistari ile kwa wivu ambao hakuwahi kumwonea mwanamke yeyote. Mtu mwenye glavu amekishika kichwa cha mwanawe. Mtu mwenye glavu amehisi kile kibonde kidogo cha kisogoni anachokijua yeye. Alisogeza kiganja kwenye kioo. Tumpe akaweka cha kwake upande wa pili. Kioo kilikuwa kinene na baridi, hakikupitisha kitu.

Mtoto akafungua mdomo kuonyesha pengo. Jino la mbele lilikuwa limetoka juzi, na mama hakuwepo.

"Nilimwambia nesi jino linarushwa juu ya paa," alisema Tumpe. "Akasema hapa kila kitu kinachotoka kinachomwa. Sasa litaota kweli?"

Mama akamwambia litaota, hata lililochomwa huota. Alisema hivyo akitabasamu. Mwanawe alikuwa ameanza kukua bila yeye.

Tumpe aliuliza imebaki siku ngapi. Akaambiwa Ijumaa.

"Nitalala na viatu Alhamisi," akasema, "ili wakifungua nisichelewe."

Jioni hiyo Atuganile alipeleka ndizi kama kawaida. Nusu ya unga ilikuwemo.

*

Alhamisi mchana mvua ya Tukuyu ilinyesha ile isiyokatika, na waliokuwa barazani wakaingia ndani wakabanana. Baba Gwakisa hakuwa na utani siku hiyo. Alikuwa ameshika kofia yake mkononi kama mtu aliye mbele ya hakimu. Alimwambia Atuganile kwamba ile dawa kali imeanza kuisha nguvu, na Dada Sekela amemwambia ukweli wote, kwamba sahani za mwanawe hazioti na bila kuota hawajui wampe mlaji yupi. Akasema hamlaumu mtu. Wadudu wakikataa kuota utamshtaki nani.

Kisha akakohoa, akasema ana ombi.

"Kesho ukiondoka, niachie kona yako hii ya dirishani. Nimekaa nikapima. Kutoka hapo ulipo, mlango wa ndani ukifunguliwa, nitaiona miguu yake."

Atuganile aligeuka akatazama. Ilikuwa kweli. Mlango wa ndani ulifunguka nesi akipita, na kwa muda wa kupepesa jicho vikaonekana vidole vitano vya mguu mdogo, vimechomoza kwenye shuka.

Alikuwa amekaa kwenye kona ile siku zote hizo, hakuwahi kuviona. Alikuwa anatazama upande mwingine, wa mwanawe.

Moyoni alijipa kila hoja. Kwamba Gwakisa si mwanawe. Kwamba hata akisema, nani anajua kama mlaji atapatikana. Kwamba imebaki usiku mmoja tu, Tumpe atalala na viatu, na kesho saa nne atamshika, atamshika hasa, atakiweka kidevu chake kwenye kile kibonde cha kisogo. Kila hoja ilikuwa na uzito wake. Lakini kila mlango wa ndani ulipofunguka macho yake yalikwenda yenyewe kwenye vile vidole, na mara ya nne hayakuviona vikichezacheza.

Akainuka, akaenda kugonga maabara. Sekela alipofungua alimkuta amesimama na kanga imemwanguka begani.

"Nilimpa rangi mbili," alisema Atuganile. "Siku kumi sasa. Kwenye ndizi."

Sekela hakupaza sauti. Alivuta kiti akakaa yeye, kalamu mkononi, akauliza ngapi kwa siku.

"Nusu asubuhi. Nusu jioni."

Kalamu ikasimama. "Nusu," alirudia Sekela. "Mama, heri ungempa yote, au usingempa kabisa. Nusu haiui. Inawaua wanyonge, inawaacha wenye nguvu wakijua sura ya adui yao. Umewasomesha wadudu, kisha ukawafunika shuka tuone wamekufa." Halafu sauti yake ikashuka. "Lakini kama wamefunikwa tu, basi wapo hai. Tutawaamsha."

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Ndizi zikakatazwa, Tumpe akaanza kula uji wa kituo, sahani ya Ijumaa ikafutwa. Baada ya siku tatu bila dawa angepimwa upya, na watu wa Kitulo walipigiwa simu waje kumchukua Jumatatu.

Atuganile hakumwachia mtu mwingine kazi ya kumwambia Baba Gwakisa. Alimwambia mwenyewe, palepale kwenye benchi, kwa maneno machache. Yule mtu mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho, akiigeuzageuza kofia.

"Siku tatu, Mama Tumpe," alisema. "Tangu Jumatatu ulipoulizwa. Siku tatu umekaa na mimi hapa unakula karanga zangu."

Akachukua chupa yake ya chai, akatoka kwenda kusimama barazani kwenye manyunyu. Kona ya dirishani ikabaki wazi, hakuna aliyeikalia.

Tumpe aliambiwa Ijumaa, saa ileile aliyokuwa amejiandaa. Hakulia. Aliuliza tisini ni ngapi, mama akajaribu kumwonyesha kwa vidole, mikono yote, tena na tena, mpaka mtoto akachoka kuhesabu. Akainama akafungua kamba za viatu, kimoja kimoja, akaviweka ndani ya begi, akakaa akiwa ameupa kioo mgongo. Jumatatu gari la Kitulo lilipoondoka alikuwa bado hajasema neno, na madirisha ya gari lile hayakuwa ya kuonea.

*

Jumanne Sekela alimwita Atuganile kuja kutia sahihi karatasi za mtoto. Alipomaliza akamwambia angoje kidogo, pengine angependa kuona.

Alifungua kabati la chuma ukutani, akatoa sahani mbili. Ya kwanza ilikuwa imeota yote, ukungu wa kijivu umetanda ukingo hadi ukingo, na katikati yake kimekaa kidonge kidogo cha karatasi kilicholoweshwa ile dawa ya rangi mbili. Zamani, alisema Sekela, wadudu wangekaa mbali na karatasi hiyo, wakaacha duara. Hawa walikuwa wameota mpaka wameigusa.

Ya pili, isiyotiwa damu, nayo ilikuwa ya kijivu, imechorwa viboksi kwa chini. Atuganile aliinamia. Kwenye viboksi vyote ukungu ulikuwa mzima, isipokuwa kimoja. Hapo palikuwa na tundu, safi, la mviringo, unaona meza kupitia ndani yake. Sekela akasema mlaji huyo ameshaingizwa kooni kwa Gwakisa alfajiri ile. Kama wamewahi au wamechelewa, hakuna aliyejua bado. Baba yake alikuwa barazani, kofia mkononi.

"Hawa ndio wa Tumpe?" aliuliza Atuganile.

"Ndio wenyewe. Wametoka kwake Jumapili."

Akaomba kuishika. Sekela alisita, akatazama mlango, kisha akaifunga sahani kwa utepe kuizunguka yote, akampa glavu, akamwambia asiisogeze karibu na uso.

Ilikuwa ya moto. Atuganile alishtuka karibu aiangushe. Sekela akamweleza kwamba kabati lile huwekwa digrii thelathini na saba, joto la mwili wa mtu, kwa sababu bila joto hilo wadudu hawaoti, wanataka wajione bado wamo ndani ya mtoto.

Atuganile aliifunika kwa viganja vyote viwili, juu na chini, kama anavyoshikwa mtoto mwenye homa, akafumba macho. Nje mvua ilikuwa imekatika, na mtu alikuwa akisukuma maji kwa fagio sakafuni. Sekela alimwacha. Alijifanya anapanga vichupa, akavipanga, akavipangua, na alipogeuka kumwomba amrudishie sahani, ilikuwa imekwisha kupoa.